Mjomba Asimame Wapi?

Kama unaishi Morogoro huna haja ya kuelezwa Jumamosi inavyoanza. Kabla jua halijapanda mgongo wa Uluguru, barabarani wameshajaa watu wa jogging, fulana za rangi moja, mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia, na bodaboda wanawapigia honi za salamu. Ni watu wa kila aina: walimu, mafundi cherehani, wastaafu wenye sukari walioambiwa na daktari watembee wakaamua kukimbia kabisa. Kwetu mkimbiaji anashangiliwa na wale anaokimbia nao. Tumelelewa hivyo tangu mchakamchaka wa shule ya msingi, ambapo mwimbishaji alikuwa ndani ya mstari, anahema kama wenzake.

Nimeanza na hapo kwa sababu leo nataka tuzungumzie mchezo ambao haukubali mchakamchaka. Mtu aliyezamisha kichwa majini haimbi wala haitikii. Unaitwa triathloni. Unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka kwenye baiskeli unakimbia, na muda unahesabiwa moja kwa moja, hata ule unaotumia kuvaa viatu. Kwenye Olimpiki uliingia Sydney mwaka 2000 kwa kipimo cha kilometa 1.5 majini, 40 kwa baiskeli na 10 kwa miguu. Wanaoanza hupewa nusu ya hapo: meta 750, kilometa 20 na kilometa 5. Ukisikia mtu anasema hiyo nusu ni ndogo, mwambie aende akajaribu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, anafanya kazi Dar es Salaam, na mchezo huu umemwingia damuni. Halipwi. Yeye ndiye anayelipa: ada ya kushiriki, tairi, miwani ya kuogelea. Siku alipomweleza mama yake, dada yangu aliacha kuchambua mchele akamwuliza, "Na ukizama, nani atakuwa pale?" Swali la mzazi. Mimi nilikuwa na langu. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, kwa hiyo mjomba ni mtu mzito katika mambo ya mtoto wa dada, awe anaoa, awe anazikwa, awe anakimbia. Nikamwuliza, "Sasa mwanangu, mimi nitasimama wapi nikuone?"

Hakuwa na jibu. Na nimegundua kwamba hata waandaaji wengi wa mbio hawana jibu. Wana jibu la medali, wana jibu la fulana, wana jibu la mgeni rasmi atakaa wapi na kivuli chake kitatoka upande gani. Mama wa mshiriki, mke wake, watoto, marafiki waliodamka saa kumi usiku kumsindikiza, hao wanaachwa wajitafutie. Nasema hivi: katika mashindano ya ridhaa, ambako hakuna anayekula kwa ushindi, watu wa pembeni ni nusu ya shughuli, na njia inapaswa kupangwa kwa kuwafikiria wao kwanza.

Mchezo wenyewe ulizaliwa mikononi mwa watu wa namna hiyo. Tarehe 25 Septemba 1974, pale Mission Bay, San Diego, Marekani, klabu moja ya wakimbiaji iliandaa shindano la jioni, siku ya kazi, la kukimbia, kuendesha baiskeli na kuogelea. Waliandaa Jack Johnstone na Don Shanahan, wakajitokeza watu 46. Wengine hawakuwa waogeleaji wa kutegemewa, jua likazama wakiwa bado majini. Waliokuwa nchi kavu wakasogeza magari ufukweni, wakawasha taa kuelekea kwenye maji ili wa mwisho waone pa kutokea. Hapakuwa na kamera wala mfadhili. Palikuwa na watu waliokataa kwenda nyumbani kula kabla wenzao hawajatoka.

Chini ya miaka minne baadaye, tarehe 18 Februari 1978, ikaja ile ya Hawaii iliyoitwa Ironman: kilometa 3.8 majini, 180 kwa baiskeli, kisha marathoni nzima. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Kila mshiriki alitakiwa aje na watu wake wa kumsaidia njiani, wenye gari, maji na chakula, kwa sababu mwandaaji hakuwa na uwezo wa kumhudumia yeyote. Rafiki zako ndio waliokuwa kituo chako cha maji. John Dunbar, aliyekuwa anaongoza kwenye mbio za miguu, aliona jambo hilo kwa macho yake. Wasaidizi wake waliishiwa maji, wakampa walichobakiwa nacho, nacho kilikuwa bia. Gordon Haller akampita, akamaliza kwa saa 11 na dakika 46, Dunbar akawa wa pili. Mpaka leo hadithi hiyo inasimuliwa kwa kicheko, lakini mimi nikiisikia nawafikiria wale wasaidizi. Hawakukimbia kumtafuta wa kumlaumu. Walimpa walichokuwa nacho.

Tuje nyumbani. Triathloni katika Afrika Mashariki si kitu cha kusikia tu tena. Agosti 2022 Rwanda iliandaa Ironman ya nusu masafa kule Rubavu, mji unaopakana na Goma: kilometa 1.9 ndani ya Ziwa Kivu, 90 za baiskeli na 21 za kukimbia. Kwetu Tanzania, kumekuwa na shindano la kupanda Kilimanjaro, kuuzunguka mlima kwa baiskeli, kisha kukimbia Kilimanjaro Marathoni. Maji yamerukwa, lakini matatu yametimia. Waafrika hatumo tu kwa kusindikiza, maana Rio mwaka 2016 Henri Schoeman wa Afrika Kusini alichukua medali ya shaba.

Basi tuchore ya Morogoro. Naomba uchore nami kichwani, wewe unayeijua njia na wewe uliyepitia Msamvu tu ukielekea Iringa.

Mbio za miguu hazina mjadala. Tunazo. Mji uko kwenye mwinuko wa meta 500 hivi, na kilele cha Bondwa kinachotutazama, kile chenye minara, kimepita meta 2,100. Hatutawapandisha watu Bondwa. Huko ni ndani ya hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 2008, kunaingiwa kwa kibali, na msitu wenye ndege ambao hawapatikani popote duniani ila Uluguru hauhitaji vuvuzela. Tutaishia chini, kwenye njia ya Rock Garden kuelekea Morningside, ile nyumba waliyoijenga Wajerumani mlimani. Inatosha. Mlima ule haukupi nafasi ya kudanganya. Baada ya dakika chache mkimbiaji wa Dar aliyezoea tambarare ya Masaki anatembea, mikono kiunoni, anajifanya anatazama mandhari.

Na hapo ndipo penye washangiliaji wetu wa kweli. Asubuhi ile ile, kwa njia ile ile, wanashuka akina mama kutoka vijiji vya juu, Choma na Ruvuma (hii Ruvuma yetu, siyo ya Songea), kila mmoja na tenga au beseni kichwani: ndizi, mboga, stroberi. Wanashuka kwa mwendo ambao mimi nikiwa mikono mitupu siuwezi, kandambili mguuni, na wanazungumza. Nimewahi kuwatazama wakipishana na vijana wa mjini wanaofanya mazoezi. Hawapigi makofi. Wanasema "Pole," halafu wanaongeza, "kwani unakimbilia nini huko, huko hakuna kazi." Kijana anacheka, na akicheka pumzi inarudi. Ningekuwa mwandaaji, ningehakikisha mbio zinapita saa ile ile wanayoshuka wao, na ningewaachia nusu ya njia iliyo nzuri zaidi, kwa sababu wao wako kazini.

Kushangilia kwetu ni utani, msikilizaji. Koo za Waluguru zina watani wao, na anayejua utani wa kwetu anajua kwamba mtani ana haki ya kukuambia maneno ambayo mwingine akikuambia mnapelekana baraza la kata. Kwenye msiba mtani anaigiza marehemu, anadai vitu, watu wanacheka machozi yakiwa hayajakauka. Sasa mpe mtani huyo kona ya barabara na mtu anayempita akiwa na kaptula ya kubana. Wageni kutoka Ulaya wanapoandika juu ya mbio za kwao husema washangiliaji waliwatia moyo kwa maneno matamu. Mpwa wangu alipita mbele ya mtani mmoja wa ukoo wetu akaambiwa, "Huyo! Ametoka majini hajaoga!" Anasema maneno yale yalimsogeza kilometa nzima, kwa hasira.

Kuna uongo mmoja tu unaotakiwa kupigwa marufuku. Ukimwuliza mtu wa Uluguru kumebaki umbali gani, atakujibu "hapo tu." Hapo tu inaweza kuwa nyuma ya mwembe, inaweza kuwa nyuma ya vilima viwili na mto. Mkimbiaji aliyechoka akiambiwa hapo tu, anamaliza akiba yake yote, kisha anakata kona anaona mlima mwingine. Mshangiliaji mzuri anataja alama: daraja, kanisa, duka la pembejeo. Au anakaa kimya, anapiga debe.

Baiskeli ni habari nyingine. Mwendesha baiskeli anayejimudu, kwenye tambarare, ni kilometa 35 kwa saa. Wewe umedamka, umepanda daladala, umepata pa kusimama, umebeba mtoto mabegani, na unachokiona ni mgongo. Kabla hujamaliza kutamka jina lake ameshapotea. Ndiyo maana miji mingi huzungusha baiskeli kwa mizunguko midogo, apite mara tatu nne pale pale. Wanaotaka kumwona mtu wao wanasimama sehemu mbili: penye kilima, kwa kuwa hapo kasi inashuka, na kwenye eneo la kubadilishia, ambako anaingia akiwa ameloa, anatoka na baiskeli, baadaye anarudi tena kuiacha. Mjomba asimame hapo. Nimeshapata jibu langu.

Ila barabara ya kuzungusha baiskeli Morogoro ni tatizo. Barabara kuu ya Iringa kuelekea Mzumbe ni nzuri, lami safi, upepo wa wastani, na mlima uko kushoto kwako njia nzima. Pia ni njia ya malori ya kwenda Zambia na Kongo, usiku na mchana, na mabasi yanayowahi. Huwezi kumweka mtu wa ridhaa kwenye baiskeli kati ya lori la mafuta na mtaro ukaita michezo. Bila polisi wa usalama barabarani kufunga upande mmoja kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, ni afadhali tubaki mitaani, tuzungushe Boma, Kilakala na Bigwa, na wenye nyumba watoe viti nje. Baiskeli ya gia ya mamilioni pia si sharti. Vijana wetu wanapakia magunia ya mkaa kwenye baiskeli za Phoenix na kupanda nayo vilima ambavyo gari linanung'unika. Mpe mmoja wao kofia ngumu na fundi wa pancha kila kilometa tano, uone.

Sasa maji. Hapa dada yangu alikuwa na haki ya kuuliza, na sitaki kupita haraka.

Ukitazama ramani utasema Morogoro maji yapo tele. Uluguru ndiyo mama wa Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Upande wa mashariki wa milima mvua hupita milimeta 2,000 kwa mwaka. Hapo nje ya mji kuna Bwawa la Mindu, limekingwa kwenye mto Ngerengere, pana, limetulia, mlima unajitazama ndani yake. Mtu wa triathloni akiliona anaanza kuvua shati. Lakini Mindu ndiyo maji ya kunywa ya mji huu. Mamlaka ya maji ina sababu ya kukataa watu mia mbili waliojipaka mafuta kujitosa humo, na mimi ninayefungua bomba lile lile niko upande wa mamlaka. Zaidi ya hapo, maji yaliyotulia katika nchi hii ndiyo makazi ya konokono wa kichocho. Vijito vya mlimani vina kasi, lakini vina mawe, na huwezi kuogelea meta 750 kwenye kijito. Labda uogelee mahali pamoja.

Linabaki bwawa la hoteli. La meta 25, mara nyingi fupi zaidi. Watu wanaingia kwa zamu, makundi madogo, wanakwenda na kurudi. Wajuzi wa mchezo watasema hiyo siyo triathloni kamili. Waseme. Kwa familia ndiyo bora kuliko zote, maana kwenye bahari au ziwa unaona kofia za rangi zikielea kwa mbali na hujui ipi ni ya mwanao; kwenye bwawa bibi anakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, anamwona mjukuu kila anapogeuka, anamhesabia. Na mwokoaji yuko hatua mbili. Dada yangu akiuliza nani atakuwa pale, namwonyesha kwa kidole.

Hofu yake ina msingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuzama majini kulichukua maisha ya watu wapatao 300,000 duniani kwa mwaka 2021. Sisi tulioisikia redio tarehe 21 Mei 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama, hatuhitaji takwimu. Watanzania wengi wamekulia karibu na maji wasijue kuogelea, wasichana kuliko wavulana, na mara nyingi mavazi na macho ya watu ndiyo sababu. Kule Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje umekuwa ukifundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya kuwasitiri mwili mzima, na wazazi waliokuwa wakikataa wakaanza kuwapeleka wenyewe. Tunao pia waogeleaji waliofika mbali: Hilal Hilal aliogelea Rio 2016, Collins Saliboko na Sophia Latiff waliogelea Paris 2024. Hakuna sababu mtoto wa Kihonda asijue kuelea.

Kuna sheria moja ya mchezo huu inayowaudhi sana watu wetu. Mshiriki haruhusiwi kusaidiwa na mtu wa nje. Wale wasaidizi wa Hawaii 1978 leo wangemponza mtu wao. Mama hawezi kumkabidhi mwanawe chupa ya maji. Vituo vya maji ni vya mwandaaji. Mke hawezi kukimbia naye bega kwa bega. Mwaka 1982, huko huko Hawaii, mwanafunzi Julie Moss aliishiwa nguvu meta chache kabla ya mstari akiwa anaongoza upande wa wanawake, akapitwa, akamaliza kwa kutambaa, huku watu waliojaa pande zote mbili wakimtazama. Picha ile iliupeleka mchezo duniani kote. Nimewaonyesha video watu wa nyumbani kwangu na sebule ikagawanyika. Vijana walisema sheria ni sheria. Shangazi yangu akasema hao ni watu wa namna gani, mtoto wa mwenzao anatambaa na wao wanapiga picha. Nilijaribu kumweleza kwamba kumwinua ni kumnyang'anya alichokuja kukitafuta. Hakukubali, na sina hakika kwamba ningekuwa pale mikono yangu ingekubali.

Kinachoruhusiwa, basi, ni kubaki. Tunamkumbuka mkimbiaji wetu wa marathoni John Stephen Akhwari, Olimpiki ya Mexico 1968, aliyeingia uwanjani goti limefungwa bendeji, saa nzima na zaidi baada ya mshindi Mamo Wolde kumaliza. Tumempa heshima yake. Mimi nawakumbuka pia wale waliokuwa bado jukwaani usiku ule. Mashindano yalikuwa yamekwisha, mabasi yalikuwa yanasubiri. Walimpigia makofi mtu wasiyemjua wa nchi wasiyoijua. Kwenye mbio zetu nyingi za siku hizi mtu wa mwisho anafika anakuta hema linakunjwa, spika zinapakiwa, na maji yamekwisha kwa sababu mgeni rasmi amehutubia kwa muda mrefu. Yeye ndiye aliyekaa juani kuliko wote. Ningependa hotuba iwe fupi, itolewe mwanzo, na mtu wa kupiga ngoma alipwe mpaka wa mwisho apite.

Ukiniuliza lini, nitasema mwezi wa saba au wiki ya Nane Nane. Masika imekwisha, joto la Morogoro limepungua makali, na mji una wageni kutoka Pwani, Tanga na Dar waliokuja kwenye maonyesho. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inaleta watu kutoka Dar kwa muda usiofika saa mbili, kwa hiyo shemeji wa Dar hana kisingizio cha foleni ya Kibaha.

Na kwa familia zinazosita kuna njia ya katikati. Mashindano mengi ya ridhaa yana kundi la kupokezana: mmoja anaogelea, mwingine anaendesha, wa tatu anakimbia, na kinachopokezwa ni kile kifaa kidogo cha kuhesabia muda kinachofungwa kwenye kifundo cha mguu. Hapo mshangiliaji anakuwa mshiriki, anasubiri zamu yake huku akimpigia kelele aliye njiani. Kwetu tumeshaanza kupanga. Binti wa kaka anakimbia, huyo hana mpinzani mtaani. Baiskeli amechukua mume wa mdogo wangu, shemeji anayeuza vipuri, anasema atatumia ile ile anayopelekea mzigo, ataondoa kapu tu. Mpwa wangu tumemkataa. Yeye atashindana peke yake na sisi tutamtania. Tunatafuta mwogeleaji. Dada yangu ameuliza kama maji ya upande ule wa kina kifupi yanafika kifuani au shingoni. Nimemwambia kifuani. Amesema atafikiria.